Bao Halizimwi

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na hakuna mtu duniani anayelimiliki. Kila mchezaji huanza na kete 32. Kumi hupangwa ubaoni, sita ndani ya shimo kuu liitwalo nyumba na mbilimbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 zilizobaki huwekwa akiba. Katika namua, hatua ya kwanza, wachezaji huingiza kete moja moja kwa zamu mpaka akiba iishe. Ikishaisha wanaingia hatua ya pili, mtaji, ambapo kete zilizomo ubaoni ndizo zinazopigana. Mwenye kubaki bila kete mstari wa mbele amefungwa. Watu wawili wanaoyajua haya hawahitaji kitu kingine. Ubao uliochongwa vizuri unapendeza, lakini mashimo yaliyochimbwa mchangani Mambrui au Takaungu, pwani ya Kenya, yanatosha, na komwe, mbegu zinazotumiwa kuwa kete, huokotwa bure karibu na ufuo. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa wa karne ya 19, alilitungia bao shairi. Sheikh Abeid Amani Karume, rais wa kwanza wa Zanzibar, alikuwa akilicheza Kisiwandui, Unguja, jioni ya tarehe 7 Aprili 1972 alipopigwa risasi akafa. Watawala wamekuja na kuondoka, miji imejengwa na kuhamwa, na kete bado zinatembea.

Tarehe 31 Machi 2024 kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilizima seva za The Crew, mchezo wa mbio za magari uliotoka Desemba 2014. Walioununua kwa fedha zao, wengine wakiwa na diski mkononi, waliukuta haufunguki tena, hata kwa mtu aliyetaka kuendesha gari peke yake bila kushindana na yeyote. Uhai wa mchezo ulikuwa umefungwa ndani ya mitambo ya kampuni, na mitambo ilipozimwa, mahali ambapo watu walikuwa wakikutana kwa miaka tisa na zaidi pakatoweka kwa siku moja. Mwezi uliofuata Mmarekani mmoja, Ross Scott, alianzisha kampeni iitwayo Stop Killing Games kudai kwamba mchezo uliokwisha kuuzwa usiuawe na muuzaji. Julai 2025 ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilipita saini milioni moja.

Nimeyaweka haya mawili pamoja kwa sababu hoja yangu inakaa kati yao. Tumezoea kusema kwamba jamii ya wachezaji imekufa kwa sababu mchezo umezeeka, au kwa sababu vijana wana papara, au kwa sababu umekuja mchezo mpya unaovutia zaidi. Sababu hizo zipo. Lakini kinachoamua kama jamii itaweza kupona baada ya kudhoofika ni jambo moja: ufunguo umeshikwa na nani. Ukishikwa na wachezaji wenyewe, mchezo unaweza kulala miaka mingi kisha ukaamka. Ukishikwa na mtu mwingine, siku akiamua, umekwisha. Na vile vipindi vya zamani vya televisheni tunavyoviona vikirudishwa hewani, navyo hufuata kanuni hiyohiyo.

Ushahidi wa karibu upo katika vibanda vya PS, yaani PlayStation, vya Malindi, Watamu, Kilifi na Mtwapa. Kibanda cha PS ni chumba cha bati au duka lililobadilishwa kazi, televisheni mbili tatu, benchi, na vijana wanaolipa kwa mechi. Watu wazima wengi hupita hapo wakiona uvivu. Mimi naona baraza. Wawili wanacheza, kumi wanatazama. Anayefungwa anampisha mwenzake. Mtoto mdogo asiye na shilingi anajifunza kwa macho kabla mkono wake haujagusa kidude cha kuchezea. Hivi ndivyo bao lilivyofundishwa tangu zamani: hakuna darasa, kuna kutazama kwa muda mrefu na kukosolewa na waliokaa pembeni. FIFA 14, mchezo wa mpira uliotoka mwaka 2013, ndiyo FIFA ya mwisho kutengenezwa kwa PS2, mashine iliyoanza kuuzwa mwaka 2000. Kampuni ya EA, mtengenezaji wake, ilikwisha kuzima zamani huduma za mtandaoni za FIFA za miaka ile, na mwaka 2023 hata jina la FIFA liliondolewa, mchezo ukaitwa EA Sports FC. Lakini diski ya zamani ikiwekwa katika mashine ya zamani bado mechi inachezwa, kwa sababu sheria zote, viwanja vyote na wachezaji wote wamo ndani ya diski, na mpinzani yuko kwenye benchi lilelile. Kuzimwa kwa seva ng'ambo hakumgusi kijana wa Maweni anayecheza na jirani yake.

Vijana wenyewe wamekwenda mbele zaidi. Sony iliacha kuuza PSP, mashine yake ya mkononi, mwaka 2014, lakini programu ya PPSSPP, iliyotengenezwa na watu wanaopenda michezo hiyo na kutolewa bure, huifanya simu ya kawaida ya Android icheze michezo ya PSP bila intaneti. Juu yake mashabiki wa nchi nyingi, Afrika Mashariki ikiwemo, wamekuwa wakitengeneza michezo ya mpira upya kila msimu: wanaingiza majina ya wachezaji waliosajiliwa, jezi mpya, hata sauti ya mtangazaji. Mchezo uliotelekezwa na mwenye nao umekuwa mikononi mwa watu ambao hawakuuanzisha lakini wanaujua kuliko yeyote. Linganisha na yaliyoupata mchezo ndugu uliobaki mikononi mwa mwenye mali. PES, mchezo wa mpira wa kampuni ya Konami uliopendwa sana Afrika, ulibadilishwa jina ukawa eFootball na kutolewa tarehe 30 Septemba 2021 kama mchezo wa bure unaotegemea mtandao. Ulipotoka ulikuwa na kasoro nyingi mno, na lawama zilitoka kila upande. Kampuni ilikuwa imerudisha jambo kwa umbo jipya bila kuwauliza waliokuwa wakilitunza.

Hapa kuna pingamizi ambalo halifai kupuuzwa. Sehemu kubwa ya haya ninayoyasifu, diski za kunakiliwa na michezo ya kupakuliwa bila kulipa, ni kuchukua kazi ya watu bila idhini yao. Ni kweli, na mtu anayetengeneza michezo hapa Kenya anajua maumivu yake. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 Planet Rackus ya Nairobi ilitengeneza Ma3Racer, mchezo wa kuendesha matatu uliowekwa katika duka la mtandaoni la Nokia, na watengenezaji kama hao wanahitaji kulipwa ili watengeneze tena. Kuiba kitu kinachouzwa dukani ni kumnyang'anya mtu jasho lake. Lakini swali langu linahusu kitu ambacho hakiuzwi tena popote. Duka la Nokia lenyewe lilifungwa na wateja wake kuelekezwa kwingine mwaka 2015, na simu ambazo Ma3Racer iliandikiwa zimebaki makabatini. Mkenya anayetaka leo kumwonyesha mwanawe mchezo huo wa matatu hana pa kuununua. Sheria inayomlinda mwenye mali wakati anauza ni ya haki. Sheria hiyohiyo ikitumika kuzuia kitu kisipatikane kabisa baada ya mwenyewe kukitupa, haimlindi mtu yeyote, inazika tu.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, nalo linatoka Kilifi hapahapa. Kama mchezo usio na mwenyewe haufi, mbona bao linapungua? Katika steji za bodaboda utaona drafti ikichezwa kwa vizibo vya soda juu ya kipande cha mbao, utaona karata, utaona simu. Bao utalikuta kwa wazee, na ni nadra kumwona kijana anayejua nyumba inalindwaje au lini ni busara kuisafirisha, yaani kuzisambaza kete zake. Hili nalikubali. Kuwa huru hakutoshi kuufanya mchezo ustawi. Bao linahitaji kitu ambacho diski haihitaji, yaani mtu anayejua na mwingine aliye tayari kukaa naye. Mholanzi Alex de Voogt, aliyechunguza mabingwa wa Zanzibar na kuandika tasnifu yake Leiden mwaka 1995, aliona inafaa kulitazama bao kama suala la mipaka ya akili ya binadamu, kwa jinsi bingwa anavyolazimika kufuata kichwani mzunguko mrefu wa kete zinazoliwa na kusambazwa tena kabla mkono haujagusa ubao. Ujuzi wa namna hiyo hausomwi kwenye karatasi ya maelekezo. Hukaa ndani ya watu, na watu hufa.

Katika kaunti hii ya Kilifi kuna jambo la kutisha ambalo waandishi wa utamaduni hawalitaji wanapoulizana kwa nini mambo ya wazee yanapotea. Kwa miaka mingi wazee wa Kilifi wamekuwa wakishambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na mara nyingi nyuma ya tuhuma umefichwa ugomvi wa ardhi. Baadhi yao wamefikia kupaka mvi zao rangi ili wasionekane wazee. Chama cha utamaduni cha Malindi, MADCA, kilihusika kuanzisha hifadhi ya kuwaokoa wazee hao huko Kaya Godoma. Mahali ambapo mzee anaogopa kukaa nje jioni, baraza haliwezi kuendelea. Mahali ambapo kijana amefundishwa kumwogopa babu yake, hakuna atakayesogea kutazama kete. Ukitaka kujua kwa nini bao linanyauka, anzia hapo kabla ya kulaumu simu. Simu imechukua muda wa vijana, sawa, lakini haikumfukuza mzee barazani. Hofu ndiyo iliyomfukuza.

Pamoja na hayo, kufifia na kufungwa ni mambo mawili mbali kabisa, na tofauti hiyo naomba msomaji aishike. Kilichofifia kinaweza kuwashwa na watu wawili. Pwani hii ina mfano mkubwa kuliko mchezo wowote. Mwaka 1913 Mekatilili wa Menza, pamoja na Wanje wa Mwadorikola, waliwakusanya Wagiriama Kaya Fungo, makao yao matakatifu msituni, na kula viapo vya kukataa kazi ya kulazimishwa na kodi ya Waingereza. Mekatilili alikamatwa akapelekwa magharibi ya Kenya. Agosti 1914 wakoloni waliilipua Kaya Fungo kwa baruti wakidhani kwamba ukivunja mahali, umevunja watu. Ni vigumu kufikiria kufunga mlango kwa nguvu zaidi ya hivyo. Lakini wazee hawakuwa wameiweka kaya yote ndani ya lile lango. Mengine yalikuwa katika ndimi, katika ngoma za mazishi, katika miiko ya msitu. Mwaka 2008 misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na mwaka 2009 mila za kaya hizo zikaandikwa katika orodha ya urithi usioshikika unaohitaji kulindwa kwa dharura. Kila Agosti MADCA huadhimisha Mekatilili huko Magarini na Malindi. Wapo wanaonung'unika kwamba sherehe hizo zimeingiliwa na wanasiasa na wapiga picha. Huenda. Lakini wanaocheza ngoma ya kifudu hapo hawakufundishwa na waziri. Walirithi, na wasingerithi, hakuna bajeti ya kaunti ambayo ingeweza kuinunua.

Kigezo hikihiki, cha nani anashika ufunguo, nakitumia kwa televisheni. Televisheni ilianza Kenya mwaka 1962, na kwa miongo mingi shirika la Sauti ya Kenya, baadaye KBC, lilikuwa mlango mmoja uliopitiwa na nchi nzima. Vipindi vya vichekesho vya Vioja Mahakamani na Vitimbi viliangaliwa na watu waliojaa katika sebule ya jirani mwenye seti, watoto sakafuni, wakubwa vitini, wengine dirishani. Benson Wanjau, tuliyemjua kwa jina la Mzee Ojwang, na Mary Khavere, Mama Kayai, walikuwa majirani wa kila mtu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tausi ilileta mchezo mrefu wa mfululizo kwa Kiswahili, na vipindi vya Kiswahili vilivyopendwa miaka ya karibuni, kama Maria, Zora na Sultana ambavyo Lulu Hassan na Rashid Abdalla walivitengenezea kituo cha Citizen, vilitembea katika njia iliyofyekwa wakati huo. Watu wanapodai Vitimbi irudi, mara nyingi wanachokumbuka ni ile sebule pamoja na kile kipindi. Kituo kinaweza kurudisha jina, kikatafuta waigizaji wapya na kupiga tena muziki wa kufungulia. Sebule hakiwezi kuirudisha. Mzee Ojwang alifariki Julai 2015. Charles Bukeko, tuliyemjua kwa jina la Papa Shirandula, alifariki tarehe 18 Julai 2020, na kipindi kilichobeba jina lake hakikuwa na njia ya kuendelea bila yeye.

Basi je, kufufua vipindi ni kazi bure? Sisemi hivyo, na mfano bora wa kunizuia kusema hivyo unatoka Uingereza. Kipindi cha Doctor Who kilisimamishwa na BBC mwaka 1989 na kurudi kwa nguvu Machi 2005, na kikadumu. Katika ile miaka 15 na zaidi, ukiacha filamu moja ya mwaka 1996, televisheni ilikuwa kimya, lakini mashabiki hawakunyamaza. Waliandika riwaya, na kuanzia mwaka 1999 kampuni ndogo ya Big Finish, iliyojaa mashabiki, ilitengeneza michezo ya kusikiliza pamoja na waigizaji wa awali. Russell T Davies, aliyekirudisha kipindi mwaka 2005, alikuwa mmoja wa walioandika riwaya hizo miaka ya 1990. Aliyefufua alikuwa ni yuleyule ambaye hakuwahi kuacha. Kuna jambo jingine ambalo lingepaswa kutuamsha sisi. Katika miaka ya 1960 na 1970 BBC ilifuta kanda zake nyingi ili kuokoa nafasi na gharama, na mpaka sasa sehemu nyingi za Doctor Who hazina picha. Lakini sauti ya kila sehemu iliyopotea ipo. Ipo kwa sababu mashabiki wa wakati ule waliweka vinasa sauti mbele ya televisheni majumbani mwao. Shirika kubwa lenye mabohari lilipoteza; mashabiki wenye vinasa sauti wakahifadhi.

Nchini kwetu tulipata onyo la wazi kuhusu nani anashika ufunguo wa televisheni. Februari 2015, katika mvutano wa kuhama kutoka analojia kwenda dijitali, vituo vinne vikubwa, Citizen, KTN, NTV na QTV, vilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Sitaki kuamua haki ilikuwa upande upi; wamiliki walikuwa na hoja zao na serikali ilikuwa na hukumu ya mahakama. Ninachokitazama ni mtazamaji wa Gongoni au Ganze, ambaye hakuulizwa na upande wowote. Kabla ya hapo seti yake na antena vilimtosha. Baada ya hapo alihitaji king'amuzi. Familia zisizoweza kukinunua zilirudi redioni. Vipindi vilivyopotea kwao wakati ule havikufa kwa kukosa kupendwa.

Watetezi wa makampuni watasema, na wana haki ya kusikilizwa, kwamba seva zinakula umeme, mitambo inachakaa, na hakuna biashara inayoweza kuwahudumia wachezaji mia mbili milele kwa sababu tu wanapenda. Nakubali kila neno. Hakuna anayedai milele. Kinachodaiwa ni kwamba anayeondoka aache ufunguo mlangoni. Hilo limewezekana, na ushahidi upo. City of Heroes, mchezo wa mtandaoni uliofunguliwa mwaka 2004, ulifungwa na kampuni ya NCSoft ya Korea Kusini tarehe 30 Novemba 2012 wachezaji wake wakiandamana ndani ya mchezo wakiwa na mienge. Kwa miaka sita baadaye kundi dogo liliuendesha kwa siri. Siri ilipofichuka mwaka 2019 kulikuwa na hasira, kwa kuwa maelfu walikuwa wakiomboleza kitu ambacho wachache walikuwa nacho chumbani. Lakini programu yake ikasambaa, wachezaji wakajenga seva yao iitwayo Homecoming, wakaigharamia kwa michango. Januari 2024 NCSoft yenyewe iliwapa leseni rasmi. Sioni kampuni ilipata hasara gani kwa kutoa ruhusa hiyo. Watu walirudi kwenye mtaa wao, na wanalipa bili ya taa wenyewe.

Wapo pia wanaosema tuache vitu vife. Kila kizazi kina michezo yake. Mtoto wa leo hana deni kwa bao wala kwa Vitimbi, na kung'ang'ania ya zamani ni kuwanyima wapya nafasi. Katika mapingamizi yote hili ndilo ninalolipenda zaidi, kwa kuwa lina heshima kwa vijana. Na sehemu yake ni sahihi. Yapo mambo yaliyokwisha kwa sababu wakati wake umekwisha, na kuyarudisha kwa lazima ni kuwachosha watu. Kipindi cha vichekesho kilichokaa juu ya kumcheka mwanamke au kabila fulani hakina haja ya kufufuliwa hata kama kilituchekesha utotoni. Lakini hoja hiyo inadhani kwamba vijana walipewa nafasi ya kuchagua, wakachagua jingine. Aliyewahi kukaa jioni nyingi akitazama bao na kisha akapenda drafti, amechagua. Ambaye hakuwahi kuliona, kwa kuwa baraza lilivunjika kabla hajazaliwa, hakuchagua chochote. Vilevile wale waliokuwa wakikutana ndani ya The Crew hawakuchoka wakaondoka, waliondolewa. Naomba tuviache vitu vife pale tu ambapo tunajua vimekufa vyenyewe.

Wengine hutafuta suluhisho kwenye simu: weka bao kwenye programu, vijana wataliona. Zipo programu za aina hiyo, na nyingi zinazotafutwa kwa jina la michezo ya kete huonyesha ubao wa mistari miwili wenye mashimo sita kila upande, ambao si bao letu kabisa. Hauna nyumba, hauna kichwa wala kimbi, mashimo ya ncha za mstari wa mbele, hauna namua. Kijana akiujua huo atadhani amelijua bao, naye hajaligusa. Hata programu iliyo sahihi, kama inahitaji kampuni fulani iwe hai ili ifanye kazi, imelichukua jambo lisilozimika na kulitia swichi. Sipingi simu, PPSSPP imetuonyesha kwamba simu inaweza kuwa hifadhi. Nasema programu ya bao iandikwe ili ifanye kazi bila mtandao, iwe wazi kwa yeyote kuirekebisha, na imfundishe mtu kiasi cha kumtoa ndani amtafute mpinzani. Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uturuki zilifanya kazi ya pamoja mpaka michezo yao ya jamii hii ya kete ikaingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2020. Bao, ambalo wachezaji wake wametapakaa kutoka Lamu mpaka Malawi, halina sababu ya kukosa hadhi hiyo. Tunalichukulia kuwa la wazee wasio na kazi, na sijasikia ofisi yoyote inayoliombea.

Ajabu ni kwamba kwa mawe tunajua la kufanya. Magofu ya Gedi, kilomita chache kutoka Watamu, yaliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, na yanastahili. Makumbusho ya Taifa yana walinzi, uzio na tiketi hapo. Mji ule uliachwa na watu wake mnamo karne ya 17 na sasa tunautunza vizuri ukiwa mtupu. Bao bado lina watu, leo, Malindi na Kilifi, lakini sijaona hata daftari moja la kaunti lililoandika mabingwa wake ni nani, wanacheza wapi, na kanuni za mji huu zinatofautiana vipi na za mji ule.

Kazi hiyo ina wenyewe. Chuo Kikuu cha Pwani kipo Kilifi, kina wanafunzi wa Kiswahili na wa historia kila mwaka; kiwatume barazani na vinasa sauti, wawarekodi wazee wakicheza na wakieleza wanachofanya, na rekodi hizo ziwekwe mahali ambapo mtu yeyote anaweza kuzichukua. Serikali ya kaunti, kabla ya kugharamia tamasha jingine, ihakikishe mzee anaweza kukaa nje jioni bila kuhofia maisha yake. KBC ni shirika la umma. Vipindi vyake vya zamani vililipiwa na umma, na vifunguliwe kwa umma, sauti na picha, badala ya kungojea mtu afikirie kuvifanya upya. Na wewe msomaji, kama chini ya kitanda chako kuna kanda ya VHS yenye Tausi au Vitimbi iliyorekodiwa nyumbani, au diski za PS2 ambazo watoto wamezichoka, usizitupe. Mtafute anayeweza kuzinakili kabla hazijaota ukungu, kwa maana hewa ya pwani haizipi muda mrefu.